Sifa za Kaunta Iliyovimba

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata embe dodo lina watu wake wa kulisifu. Leo nasimama kuisifu kaunta ya jikoni ndani ya karavani: chipbodi iliyovikwa formika, ikawekwa kando ya sinki, ikanywa maji mpaka ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Haina mshairi. Mafundi huitukana, wauzaji huificha, wanunuzi huitumia kushushia bei. Mimi pia niliitukana siku kadhaa, kabla sijagundua kwamba katika nyumba ile nzima ni yenyewe tu iliyokuwa ikisema kweli.

Nakaa Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Wenyeji wa huku, baridi ikishapita, huvuta karavani nyuma ya gari wakaenda kulala porini kwa hiari yao, jambo ambalo mama yangu kule Tanga bado hajalielewa. Ukikaa na watu huambukizwa. Nikanunua karavani kuukuu ya futi 19, yenye kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, choo kinachomtaka mtu aingie kinyumenyume, na kaunta yenye sinki chini ya dirisha. Muuzaji alikuwa mzee mcheshi. Pembeni mwa sinki alikuwa ameweka ubao wa kukatia mboga, na juu ya ubao kikapu cha matunda ya plastiki. Nilikitazama kile kikapu, nikaona si adabu kukiinua. Mgeni hafunui vyungu vya mwenyeji. Nikalipa.

Wiki ya tatu nikakiinua. Ubao wa mboga ulikuwa ukiyumba kama mtumbwi, kwa sababu chini yake palikuwa na kilima. Formika ilikuwa imeachana na ukingo, na nilipobonyeza kwa kidole, makombo ya kahawia yakamwagika sakafuni. Nikachukua rula. Kwingine kote kaunta ilikuwa na unene wa milimita 16. Pale kilimani, 23.

Lakini kabla hujamdharau mtu, uliza kwanza nasaba yake.

Kwa upande wa formika, kaunta yangu ilikuja kufia kwao. Mwaka 1913, hapa hapa Cincinnati, wahandisi wawili, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walianzisha kampuni ya kutengeneza kizuizi cha umeme cha kutumika badala ya ulanga. Kiingereza huuita ulanga mica, na jina Formica maana yake ndiyo hiyo: badala ya ulanga. Ulanga wenyewe, enzi za Wajerumani, ulikuwa ukichimbwa kwetu katika milima ya Uluguru. Kwa hiyo nikisema kwamba mimi na kaunta hii tuna ujamaa wa mbali, sijikombi.

Kitu kilichozaliwa kukaa gizani ndani ya mashine baadaye kikavalishwa nguo nzuri na kuletwa jikoni. Ukikifunua, ni karatasi. Ni tabaka za karatasi ngumu ya kahawia, jamii ya ile ya mifuko ya saruji, zilizoloweshwa gundi na kukandamizwa kwa joto. Juu yake huwekwa karatasi moja yenye picha ya mbao au marumaru, nayo hufunikwa melamini, ile ile ya sahani za watoto zisizovunjika. Unene wote ni kama milimita moja. Maji yakimwagika juu hayana pa kupenya, unayafuta kwa kitambaa na yamekwisha. Kiburi chote cha kaunta kimo katika milimita hiyo.

Upande wa chipbodi ni ukoo wa mabaki. Ujerumani ya miaka ya 1940, mbao nzuri zikiwa haba, ndiko viwanda vilikojifunza kukusanya maranda na vipande vya mbao, kuvichanganya na gundi na kuvikandamiza vikawa ubao ulionyooka, laini, usio na fundo wala ufa. Seremala akiutazama anadhani ameona mti uliofunzwa adabu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakuwahi kuona karavani. Mkakasi wao angalau ulikuwa na kipande kizima.

Sasa nije kwenye sifa zenyewe.

Kwanza, chipbodi haisahau. Kila kipande cha mbao kilichomo ndani yake kiliminywa kiwandani mpaka kikawa chembamba kuliko kilivyozaliwa, kikashikwa na gundi kikae hivyo. Kinakaa, lakini hakijaridhika. Siku maji yanapofika, mbao hunyonya, gundi huanza kulegea, na kila kipande hurudi kwenye unene wake wa zamani. Ukikausha kwa feni mwezi mzima, maji yataondoka na kilima kitabaki. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema, na wengi hudhani hiyo ni methali ya majuto. Kwa chipbodi ni taarifa ya kitaalamu.

Pili, ni ubao wenye historia bungeni. Nitajie samani ya mvule iliyowahi kutungiwa sheria. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa hifadhi watu waliopoteza nyumba zao ndani ya matrela, na wengi wakaanza kulalamika kwamba macho yanawasha na vifua vinabana. Hewa ilipopimwa, ilionekana ina fomaldehaidi nyingi, na chanzo kimojawapo ni gundi inayoshikilia mbao za ukoo huu. Mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha fomaldehaidi inayotoka katika mbao za kukandamizwa. Mwenzangu mdogo wa kando ya sinki, mwenye makombo, ndugu zake wamejadiliwa na maseneta.

Tatu, ni mkarimu kupita kiasi. Karavani ni nyumba inayopatwa na tetemeko la ardhi kila inapohama. Barabara inaitikisa, silikoni iliyozunguka sinki inapasuka ufa mwembamba kama unywele, tone linaingia. Majira ya baridi, maji yaliyosahaulika kwenye mabomba huganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba linachanika, na siku ya kwanza ya safari kunabubujika chemchemi kabatini. Chuma hulikataa tone, plastiki hulikataa, formika hulisukuma pembeni. Chipbodi pekee hulikaribisha, hulipa mahali pa kulala, na hailiulizi litaondoka lini.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyumba yako ya matairi imekufikisha wapi?"

Nikamweleza kwamba kaunta imeoza, kwamba ndani ni maranda na gundi na juu ni karatasi. Akanyamaza kidogo.

"Yaani umepanda ndege, umefika Marekani, umenunua nyumba ya karatasi?"

Akanikumbusha meza ya mvule ya marehemu babu. Maji ya mvua yameingia barazani mara mbili, yakaifika magotini, na meza haikusema kitu. Nikamjibu kwa utani kwamba hilo ndilo tatizo la mvule, hausemi. Yangu imelia kwa matone tu.

"Basi kama inasema," mama akajibu, "isikilize."

Nikaingia kabatini chini ya sinki na tochi, nikalala chali kama fundi wa magari. Nilikuwa nimeshamhukumu mshtakiwa: sinki, au bomba lake. Nilikuwa hata nimenunua silikoni ya kuzungushia. Lakini kaunta ilikuwa na ushahidi mwingine. Kandokando ya tundu la sinki, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo hupita kila siku, unene ulikuwa karibu milimita 16 zile zile. Uvimbe ulizidi kadiri nilivyosogea nyuma, ukawa mkubwa kabisa pale kaunta inapogusa ukuta, chini ya kona ya dirisha. Maji hayakutoka kwenye sinki. Yalitoka nje.

Siku iliyofuata nikapanda ngazi. Utepe wa gundi uliobana fremu ya dirisha ulikuwa umekauka na kukatikakatika kama chapati ya juzi. Kila mvua ilikuwa ikiingia kwa nyuma ya fremu, ikishuka kimya ndani ya ukuta, ikiishia mgongoni mwa kaunta. Ukuta haukusema. Ukuta wa karavani ni ubao mwembamba uliobandikwa karatasi yenye picha, nao unaweza kuoza miaka huku ukikutabasamia. Sakafu haikusema, zulia halikusema, muuzaji ndiye kabisa. Mimi mwenyewe ningezungusha silikoni yangu kwenye sinki, ningejipongeza, na mvua ingeendelea kula miti ya ukuta mpaka dirisha lije liniangukie kifuani nikiwa usingizini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna nyumba ambazo mpaka ukumbuke ufa, ukuta wenyewe haupo. Niliponea kwa sababu kipande cha ubao wa bei rahisi kilikubali kuharibika hadharani.

Ndiyo maana matengenezo yalianza na dirisha. Nililitoa, nikakwangua utepe wa zamani, nikaacha ukuta wazi mpaka ukauke, nikaweka utepe mpya. Anayeanza na kaunta anamvisha mgonjwa nguo mpya bila kumpa dawa.

Kisha nikajaribu kumwokoa mgonjwa. Uvimbe mdogo una tiba: unakausha, unapenyeza gundi ya mbao kwenye mpasuko, unafunika kwa nailoni, unabana kwa jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao ngumu, unasubiri usiku mzima. Sehemu iliyokuwa imeanza tu kupanda ilishuka kiasi cha kutosha kudanganya jicho. Kwenye kona ya dirisha jiriwa ilizama kama kijiko kwenye uji wa mtama. Skrubu zilizunguka bila kushika. Nikazima tochi.

Hata katika kufa, kaunta ilinifanyia wema. Nilifungua skrubu kwa chini, nikakata silikoni kwa wembe, nikaiinua polepole isivunjike, kwa maana ilikuwa kipimo changu. Nikailaza juu ya plaiwudi, nikachora kingo zake zote na tundu la sinki. Ni marehemu gani mwingine anayempimia mrithi wake kanzu?

Plaiwudi niliyochagua ni ile iliyogundishwa kwa gundi ya kustahimili maji. Kwa unene unaokaribiana, ni nyepesi kuliko chipbodi, na gari linalovuta karavani hupanda milima kwa shukrani. Formika mpya niliikata ikizidi kidogo kila upande. Gundi yake hupakwa pande zote mbili, kisha unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole isinate. Hapo ndipo penye mtihani: nyuso hizo mbili zikikutana, zimekutana. Hakuna kusogeza, hakuna kuombana radhi. Fundi mzoefu hupanga fito juu ya ubao, akalaza formika juu ya fito, akaiweka sawa, kisha akachomoa fito moja moja kuanzia katikati huku akikandamiza. Mimi nilichomoa mbili kwa pamoja. Kuna kiputo kidogo karibu na jiko, nami nimekiwekea sufuria.

Kazi muhimu kuliko zote ni ile ambayo kiwandani hawakuifanya: kingo za tundu la sinki, pale ubao unapobaki uchi, nilizipaka epoksi mara mbili kabla ya kurudisha sinki na kulizungushia silikoni. Formika hulinda juu. Maji hayajawahi kuwa na haja ya kupita juu.

Sasa kaunta mpya imenyooka, inang'aa, na sina imani nayo. Plaiwudi ni mvumilivu, itakunywa maji muda mrefu bila kunung'unika, kama meza ya babu, kama ukuta, kama yule mzee mcheshi. Kwa hiyo sikuitupa yote ya zamani. Nilikata kipande kikavu upande ambao haukuguswa, ukubwa wa kiganja, nikakibandika ndani ya kabati chini ya dirisha, kingo zikiwa wazi. Hicho ndicho mlinzi wangu, na hata mshahara hanidai. Nawe ukienda kununua karavani, inua kikapu cha matunda, na ukikuta kilima chini yake usimtukane aliyekuonyesha. Pima, ufuate kinakoelekea.

Kila mvua kubwa ikipita, naingia kabatini na rula. Jumamosi iliyopita nilikipima tena: milimita 16.