Corona Iliondoka, Tangawizi Ikabaki

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba corona si dharura ya kimataifa tena. Habari ile niliisikia redioni jioni, nikamgeukia mke wangu kwa matumaini makubwa. Alikuwa anamenya kitunguu saumu. Kisu hakikusimama hata kidogo.

"Hao wametangaza huko kwao," akasema. "Hapa ndani sijatangaza mimi."

Mpaka leo hajatangaza. Wenzetu mtaani wameshasahau. Ndoo za maji tiririka zimerudi kwenye kazi ya kufulia, barakoa zinapauka kwa jua kwenye dashibodi za daladala, na mtu akikohoa watu hawahami benchi tena. Kwangu mimi kikombe kinanisubiri mezani kila asubuhi kabla ya chai, nacho hakinywewi kwa kujificha, maana mwenye nacho anasimama pale pale mpaka aone koo limepanda na kushuka.

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Arusha na shule zikafungwa, nchi nzima ilipata udaktari kwa mkupuo. Fundi seremala akawa mtaalamu wa mapafu. Kundi letu la ukoo la WhatsApp, ambalo kazi yake ilikuwa michango ya harusi na picha za maua zilizoandikwa "Ijumaa Karimu", likawa hospitali ya rufaa. Shangazi wa Tanga akaleta ya mwarobaini. Mjomba wa Songea akaleta ya mkaratusi. Binamu mmoja, ambaye sayansi alipishana nayo tangu darasa la tano, akatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya bajeti, akieleza virusi vinakufa kwenye nyuzi joto ngapi. Ushauri ule wote ulifanana kwa jambo moja: hakuna hata mtu mmoja aliyenishauri kitu kitamu.

Halafu malimao yakapotea. Mama wa genge letu, aliyekuwa ananiongezea limau la bure kila nikinunua dagaa, akaanza kuyaweka chini ya meza. Ulikuwa unaulizia kwa sauti ya chini, naye anaangaza kushoto na kulia, ndipo anatoa matatu madogo, makavu, kwa bei ambayo mwezi uliotangulia ungebeba nusu ndoo. Tangawizi nayo ikapanda cheo. Vitunguu saumu nilivikuta vinapimwa kwenye mizani.

Tukanunua hivyo hivyo. Mke wangu akayachemsha malimao na maganda yake pamoja na tangawizi ya kutwanga, mpaka maji yakashika rangi ya mtaro wa Kariakoo wakati wa masika, kisha akatupia pilipili kichaa "za kufungua kifua." Kifua kilifunguka kweli. Vingine vilivyofunguka baada ya hapo havihusu gazeti.

Kuliko pilipili yenyewe, kinachoniuma ni hesabu yake. Kila mtu alikuwa anasema anatafuta vitamini C. Sasa vitamini C na moto hawaelewani. Ukiichemsha muda mrefu sehemu kubwa inapotea, unabaki kunywa uchachu mtupu, tena wa gharama. Na limau lenyewe wala si bingwa wa shughuli hiyo. Pera, kwa uzito ule ule, lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya limau. Na mpera tunao! Uko uani kwa jirani, matawi yake yameingia kwetu, mapera yanaanguka juu ya bati usiku tunadhani mwizi. Watoto walikuwa wameketi chini yake wanajilia bure, nasi tunawafokea: "Acheni hayo mapera, njooni mnywe dawa!" Tunawatoa kwenye vitamini, tunawaburuza kwenye pilipili.

Kosa la pera ni kwamba ni la bure, halafu ni tamu. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuheshimika katika ukoo wetu. Sisi dawa tunaijua kwa makunyanzi ya uso wa anayeinywa.

Ndiyo maana kujifukiza kulipokelewa kwa shangwe. Kule kulikuwa na mateso ya kutosha. Sufuria kubwa la pilau lilitolewa, likajazwa majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na mpera (majani, sio matunda, matunda yalikuwa hayana elimu), likachemka, likawekwa katikati ya chumba. Blanketi lilikuwa moja. Nilifunikwa pamoja na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia kabla shule hazijafungwa na ambaye ugonjwa ule ulimpa sababu nzuri ya kutorudi kwao.

"Shemeji, vuta kwa pua, toa kwa mdomo," ananielekeza humo gizani.

"Natoa wapi, shemeji? Mbele yangu uko wewe."

Nje ya blanketi redio ilikuwa inasisitiza watu wakae mbalimbali. Ndani ya blanketi watu wazima wawili walikuwa wanagawana pumzi moja ya moto, jasho la huyu linadondokea goti la yule, ili kujikinga na ugonjwa unaoambukizwa kwa pumzi. Nilipolisema hilo niliambiwa nisilete siasa kwenye dawa.

Februari 2021 Wizara ya Afya ilitengeneza kinywaji mbele ya waandishi wa habari: tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili, vyote kwenye blenda. Mke wangu alitazama taarifa ile mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Nilijua tu kwamba tunanunua blenda.

Tarehe 28 Julai mwaka huo huo chanjo ilizinduliwa, Rais Samia akachanjwa hadharani watu wakaona. Zamu yangu ilipofika nilikwenda kwa furaha ambayo haikuwa ya afya peke yake, maana nilijua sasa kikombe kimepata mrithi. Nimerudi bega linauma, nakikuta mezani kimejaa hadi ukingoni.

"Sindano ile ni ya bega," nikaambiwa. "Hii ni ya kifua, Baba Watoto."

Siku hiyo ya chanjo ndipo muuguzi mmoja wa zahanati aliponishika mkono kunipima presha. Akapima, akanyamaza, akapima tena. Ilikuwa 150 kwa 95, wakati mpaka wa kuanza kuhangaika ni 140 kwa 90. Akaniuliza nakula nini, nikamweleza kikombe kwa kirefu na kwa malalamiko. Akacheka. Akasema watu wenye presha, kisukari na vitambi ndio waliokuwa wanaelemewa zaidi na corona, na kwamba hakuna kikombe kitakachomalizana na tumbo langu kwa niaba yangu.

"Baba, kula mboga za majani. Matunda. Maharage, dagaa. Ugali uwe wa dona. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Soda ziache. Halafu tembea nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa mtu aliyechelewa."

"Na dawa ya kuanzia?"

"Ndiyo hiyo."

Nilirudi nyumbani nikaulizwa na baraza zima nimepewa nini. Nikasema nimeambiwa nile mchicha. Shemeji akasikitika kwa ajili yangu. Akasema zahanati zetu siku hizi hazina vifaa.

Hebu fikiria mchicha. Fungu lake halimfilisi mtu, na hata mwezi ambao limau lilikuwa linauzwa chini ya meza, mchicha ulikuwa juu ya meza unanyunyiziwa maji. Pembeni yake matembele, kisamvu, majani ya maboga. Sikuona foleni. Sikuona mtu aliyetuma ujumbe wa sauti kuhusu matembele. Dona nayo ni hivyo hivyo: sisi mahindi tunayakoboa mpaka yawe meupe kabisa, nyuzinyuzi na vitamini kadhaa zinaondoka na pumba, pumba tunawauzia wafuga kuku, halafu tunarudi nyumbani na sembe kujadili kinga ya mwili. Jirani yangu ana kuku wanaokula pumba hizo. Wana ngozi nzuri, wanakimbia alfajiri, na sijawahi kumsikia hata mmoja analalamika magoti.

Mazoezi nayo yana mkasa wake. Walioko kwenye nyumba zenye bustani walikuwa wanatuma video wakiruka kamba kwenye majani ya kijani. Mimi ni mpangaji Mbagala. Nikipiga pushapu sebuleni, kichwa kiko chini ya meza ya TV na miguu iko kwenye ukumbi wa wapangaji wote, na kila anayekwenda bafuni na ndoo yake anairuka akinipa pole. Mama mmoja wa chumba cha mwisho aliita watu akidhani nimeanguka.

Aliyenifanyisha mazoezi ya kweli alikuwa konda. Daladala za Dar es Salaam zilipoamriwa kubeba abiria waliokaa tu, ile "level siti", magari yakawa yanatupita kituoni Zakhem yamejaa kitako kwa kitako, konda anatupungia mkono kama mgeni rasmi. Wenye nauli ya ziada walikuwa wanageuza nalo, yaani wanapanda kurudi nyuma mpaka Rangi Tatu ili wakaanze safari wamekaa. Mimi nauli yangu ilikuwa ya kwenda mbele tu. Nikawa naanza kwa miguu kuelekea Mtongani, barakoa kidevuni, viatu vya ofisini ndani ya mfuko na ndala mguuni, nikitumaini kwamba mbele kuna abiria atakayeshuka. Mara nyingi aliyeshuka alishuka nimeshafika Kwa Azizi Ali.

Mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Fundi viatu akalitoboa kwa msumari. Presha ikaanza kushuka, yule muuguzi akafurahi, akaandika kwenye daftari langu. Na nyumbani je? Nyumbani walifurahi kuliko yeye, wakapongezana, wakapigia simu Tanga. Sifa zote zilikwenda kwa tangawizi. Kilomita zangu zote za Barabara ya Kilwa, vumbi, jua, matusi ya bodaboda, havikutajwa hata kwenye shukrani za mwisho. Level siti ilipoachwa na watu wakaanza tena kuning'inia mlangoni, mkanda ukarudi taratibu kwenye tundu la zamani, na hapo hakuna aliyeilaumu tangawizi. Niliulizwa kama nakinywa kikombe chote au namwagia maua.

Ndipo nikajiunga na kikundi cha jogingi. Kila mtaa wa Temeke una chake, na cha kwetu kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, filimbi, sare ya njano na mchango wa kila mwezi. Jumapili alfajiri tunatoka na mchakamchaka, tunaimba kwa nguvu ili mtaa mzima ujue sisi tunajali afya na wao wamelala. Raba zangu ni za mtumba, mguu mmoja umekaa vizuri kuliko mwenzake. Tunakimbia, wengine tunatembea kwa haraka, wengine wanasimama kusalimiana na watu wasiowafahamu ili wapumzike kwa heshima. Mwisho wa njia kuna sufuria la supu ya makongoro na chapati za moto.

Kwa hesabu ya yule muuguzi, nadhani tunachokipunguza njiani tunakirudisha chote kabla jua halijakolea, na chumvi ya siku inaisha kwenye bakuli la kwanza. Mimi sikumwuliza. Nimekaa miaka nakunywa pilipili kwa ajili ya kifua, nami nilistahili kitu kimoja cha afya kinachonukia iliki na pilipili manga.

Sasa wamejiunga vijana. Wana saa za mkononi zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo, na wameleta hoja kwamba supu iondolewe, mahali pake pawekwe matunda na maji, na njia irefushwe mpaka Bendera Tatu. Katibu ameshaiandika kwenye ajenda. Nimezunguka wiki nzima kwa wanachama wa umri wangu, mmoja mmoja, jioni, kuwaeleza hatari iliyopo. Nimeomba pia kura ipigwe kule kwenye sufuria, kifuniko kikiwa kimeshafunuliwa. Mwenyekiti amesema atalitafakari, lakini kitambi chake nakiona kinavyoivuta ile sare ya njano, najua yuko upande wetu.