Barua ya Wazi kuhusu Heshima ya Marehemu Dan Ryan

KWA: Bodi ya Makamishna, Kaunti ya Cook, Chicago
YAH: PONGEZI KWA KULITUNZA JINA LA MAREHEMU

Dan Ryan Mdogo alizaliwa mwaka 1894 katika nyumba iliyokula na kulala siasa. Baba yake, Dan Ryan Mkubwa, aliwahi kuwa rais wa Bodi hii, na kwa utumishi huo jina lake likapewa msitu wa hifadhi kusini mwa jiji. Mwana alikuwa kamishna kwa miaka mingi kwa tiketi ya Democratic, akawa rais wa Bodi mwaka 1954, na hakukiachia kiti hadi alipofariki Aprili 1961. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta fedha: alizisukuma hatifungani za kaunti zilizoharakisha barabara kuu za Chicago. Msitu ulikuwa umeshagawiwa. Yeye akapewa lami: barabara kuu ya Dan Ryan.

Bodi inastahili sifa kwa kutochelewa. Sehemu ya kwanza ya barabara ilifunguliwa Desemba mwaka huohuo wa kifo. John Kennedy ilibidi auawe, Novemba 1963, ndipo barabara ya kaskazini-magharibi iitwe kwa jina lake. Eisenhower, jenerali na rais mstaafu, alisubiri hadi 1964. Rais wa kaunti aliwatangulia marais wawili wa nchi, na itifaki haikulalamika.

Heshima hiyo ni pana: njia 14, na magari yapata 300,000 kwa siku pale penye shughuli nyingi. Kila asubuhi redio humtaja marehemu. Ryan amejaa, Ryan amesimama, Ryan amefungwa njia mbili kwa ajali. Hata abiria wa treni hawakusahauliwa. Tangu 1969 reli hupita katikati ya barabara, na anayengoja kwenye stesheni ya 95th/Dan Ryan husimama kati ya mafuriko mawili ya magari, akilivuta jina hilo puani pamoja na moshi.

Ramani nayo ina hekima yake. Waandishi wa wasifu wa Meya Richard J. Daley wanaeleza kuwa mchoro wa awali ulisogezwa mashariki hadi kandokando ya mtaa wa Wentworth, ukawa ukuta kati ya Bridgeport, mtaa wa wazungu alikoishi meya mwenyewe, na makazi ya Weusi. Ng'ambo ya pili, kufikia 1962, yalisimama majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyoitwa Robert Taylor Homes. Taylor, mwenyekiti wa kwanza Mweusi wa mamlaka ya nyumba ya jiji, alijiuzulu mwaka 1950 baada ya madiwani kukataa viwanja ambavyo vingewachanganya Weusi na wazungu. Jiji likamshukuru kwa kuliandika jina lake juu ya kile alichokipinga. Ryan walau alitunukiwa kitu alichokitaka.

Tarehe 7 Julai 2018 maelfu ya watu wakiongozwa na Padri Michael Pfleger waliingia kwa miguu kwenye njia za kuelekea kaskazini, wakadai hatua dhidi ya mauaji ya bunduki, na magari yakasimamishwa. Gavana alikasirika. Mabango ya jina la marehemu hayakuguswa.

Nakala:
1. Idara ya Uchukuzi ya Illinois, kwa taarifa.
2. Familia zilizobomolewa nyumba kupisha barabara (anwani zilizopo hazifikiki: ziko njia ya kasi).