Duka Lisilo na Mwenye Duka

Kwa Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, na jamaa wote wa Barumbu.

Nawaarifu kwamba Jumamosi iliyopita nilizuiliwa ndani ya duka hapa Brussels kwa kukosa kipande cha karatasi kisichozidi upana wa vidole vitatu, nikiwa nimeyakumbatia makemba sita, ndizi zetu za kupika, kifuani kama mzazi aliyeambiwa mwanawe haingii darasani, ilhali makemba yenyewe nimekwisha kuyalipia.

Nieleze kwa taratibu, maana Baba Mkubwa hapendi kisa kinachoanzia kiunoni. Duka hilo lina kila kitu ghairi ya mwenye duka. Hakuna wa kumwamkia, wala wa kumwapia kwamba jirani anauza kwa nusu ya bei hiyo. Mteja huchukua bidhaa mwenyewe, huipeleka mwenyewe mbele ya mashine yenye kioo king'aacho, huionyesha ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti mpaka mashine ilie, kisha hulipa na kufungasha mwenyewe, hata akawa karani na mpagazi na mnunuzi kwa wakati mmoja, na mshahara hapewi. Sasa, kemba halina mistari. Mashine ikanitaka nilichague miongoni mwa picha, nami nikazikagua picha zile kama mtu anayemtafuta nduguye katika picha ya harusi, nikaiona ndizi ya manjano wanayotafuna watoto, lakini kemba silioni. Nikaigusa hiyo ndizi, nikauweka mzigo mizanini. Mizani ikatafakari, kisha sauti ya mwanamke asiyeonekana ikanena kwa Kifaransa, na nilipobonyeza pasipostahili ikaendelea kwa Kiholanzi, kwamba pana kitu kisichotarajiwa mahali pa kupimia. Kitu hicho kilikuwa kiwiko changu. Taa nyekundu ikawaka juu ya utosi wangu, akaja msimamizi, akaigusisha mashine kadi yake, akaenda zake bila kunitazama usoni. Nikalipa. Karatasi ikatoka nami nikaiacha pale, kwani kwetu mtu hadai stakabadhi ila ana kesi. Kumbe lango la kutokea halifunguki mpaka limeisoma stakabadhi hiyo. Nyuma yangu ikajipanga foleni ya watu wasiosema neno, na kimya hicho ndicho kilichoniuma. Laiti ingekuwa soko la Kisangani, wangenitukana kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, mmoja angenitetea, na kabla ya magharibi tungekwisha kugundua kwamba mama yake na mama yangu walichota maji pamoja.

Jioni, kwa minajili ya kuituliza nafsi, nikaenda sinema kutazama picha ya zamani isiyo na rangi, nayo, kwa kejeli ya majaaliwa, yote ni ya dukani. Inaitwa The Shop Around the Corner, ya mwaka 1940, na aliyeiongoza ni Ernst Lubitsch, mtoto wa fundi cherehani wa Berlin, ambaye bila shaka aliwajua wateja tangu utotoni. Duka liko Budapest, mali ya Bwana Matuschek, na linauza vitu vya ngozi. Karani wake, Bwana Kralik, na binti mmoja, Bibi Klara, huteta kutwa nzima, wala hawajui kwamba usiku kila mmoja humwandikia mwenziwe barua za mahaba zisizo na jina. Binti huyo alipata kazi kwa hila: alichukua kikasha cha sigara kinachopiga muziki, akamuuzia bibi mnene kuwa ni cha peremende, akidai muziki utamkumbusha asile kupita kiasi. Yumo pia karani mpole, Pirovitch, ambaye kila tajiri anapouliza maoni ya kweli hutoweka. Nikamkumbuka ndugu yetu yule ambaye haonekani siku ya mchango wa matanga. Na mwishoni, baada ya barua zote zile tamu, binti anamtaka bwana apandishe suruali ahakikishe kwamba hana matege. Nilicheka hata nikatokwa na machozi, kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha.

Mama Mkubwa, sababu unaijua. Ni lile duka la Mgiriki pale Makiso, Kisangani, ambamo Baba Mkubwa alikuwa karani wa vitambaa, nawe ukarudi mara nne kushitaki kwamba amekupunja kipimo cha kitenge kile kile, naye mara nne akakupimia upya kwa mkono wake, polepole kuliko ilivyohitajika. Mwaka 1973 serikali ilipoyatwaa maduka ya wageni, duka lilikwenda na rafu zake, lakini nyinyi mlikuwa mmekwisha kuoana. Mnatuambia kwamba mapenzi ya picha ni uongo, na kwamba Wazungu hupendana tu chombo kikiharibika, kwa kuwa John Huston alipokuja upande wa Ubundu mwaka 1951 kupiga picha ya The African Queen, aliwatia Katharine Hepburn na Humphrey Bogart katika mashua mbovu mtoni. Hii ya Budapest mngeikubali. Mashine yangu je, nani atakayeirudia mara nne kwa hiari yake?

Nilirudi mimi. Jumatatu, akili ikiwa imelewa sinema, nilifunga tai, nikajinyoa, nikaenda kununua makemba mengine, nikakosea makusudi ili taa iwake, maana siku ile fedheha haikunipa nafasi hata ya kujua msimamizi ni mwanamume au mwanamke, na mawazo yangu yalikwisha kumvika gauni. Akaja mzee mwenye masharubu ya kufagilia uwanja. Akayageuzageuza makemba, akaniuliza haya huliwaje, nami nikamweleza habari za lituma, namna yanavyochemshwa na kutwangwa, na samaki wa kulia, huku taa ikiwaka na foleni ikirefuka, mpaka mwanamke mmoja nyuma yetu akafyonya kwa hasira. Wallahi, sijapata kusikia sauti nzuri kama ile tangu niliposhuka katika ndege. Mzee akanionyesha: makemba yapo ukurasa wa tatu, kati ya figili na tangawizi.

Lituma yenyewe iliungua. Barua hii naileta kwa mkono wa msafiri, na ndani ya bahasha nimetia ile stakabadhi ya Jumatatu. Msiitupe, huenda msafiri huyo akirudi akatakiwa kuionyesha ndipo afunguliwe lango.