Ficha Nyundo Kwanza

Ndugu msomaji wa Idodi, pamoja nawe wa Mapogoro na Tungamalenga uliyeiegesha pikipiki yako ya Boxer chini ya mwembe tangu mvua zilipoanza. Umeipiga kiki mpaka goti limeuma, nayo inaguruma kidogo na kuzima. Tangi lina mafuta, plagi inatoa cheche. Basi huenda shida iko kwenye kabureta, na kabureta hiyo utaifungua mwenyewe, nyumbani, kwa zana chache. Sharti ni moja: kabla hujagusa skrubu ya kwanza, chukua nyundo uipeleke kwa jirani. Chagua jirani anayekaa mbali.

Nasema kwa dhati kabisa. Mwili wa kabureta hauvumilii vipigo. Umemiminwa kwa mchanganyiko wa zinki au aluminiamu, jeti zake ni za shaba, skrubu zake ni za chuma. Petroli ikikauka ndani huacha utomvu wa kahawia unaonata. Ikiwa na maji, na mafuta ya chupa ya kando ya njia mara nyingi huwa nayo, unga mweupe wa kutu huota kwenye nyuzi za skrubu na kuzifunga. Tangu 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekwa vinasaba ili kuwabana wachakachuaji, lakini kinasaba hakiwezi kuzuia mvua kuingia kwenye dumu lililoachwa wazi kibandani. Kwa hiyo kinachokusumbua ni utomvu na kutu, na vyote viwili huondoka kwa kulowekwa na kupashwa joto. Nguvu ni ya mwisho.

Funga koki ya mafuta, mwaga petroli yote iliyobaki kwenye kabureta, kisha itoe kwenye pikipiki uifanyie kazi uwanjani, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara. Tandaza kitambaa cheupe chini, kwa maana springi ya skrubu ya hewa ikirukia mchangani utaitafuta mpaka adhana ya magharibi.

Hapo ndipo shemeji atapita. Shemeji hupita siku zote. Atachuchumaa, atatazama, atasema, "Gonga tu, itatoka." Mpokee kwa heshima zote, mwambie, "Karibu shemeji, naomba unichemshie maji." Maji hayo yanahitajika kweli, na mikono yake itakuwa na kazi.

Wakati yanachemka, anza na skrubu za bakuli la chini. Tazama vichwa vyake. Kwenye kabureta nyingi za muundo wa Kijapani, za Keihin na Mikuni, msalaba wa skrubu si sawa na wa bisibisi ya nyota ya kawaida; mara nyingine utaona kidoa kidogo pembeni mwa msalaba. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini, hupanda juu na kukata kingo. Ukikosa inayofaa, saga ncha ya bisibisi nyota kidogo sana mpaka ikae bila kuchezacheza. Iegemeze kwa uzito wa bega, na kwanza kaza kidogo, nywele tu, ndipo ulegeze. Kule kukaza ndiko kunakovunja kutu. Kichwa kikishaliwa, kamata ubavu wake kwa gripu na uzungushe taratibu.

Bakuli likitoka, utaona floti na pini yake, na hapa nataka uwe mpole kuliko mahali pengine popote. Pini inapita katikati ya nguzo mbili nyembamba zilizomiminwa pamoja na mwili. Nguzo moja ikivunjika, kabureta nzima imekwisha. Chunguza ncha zote mbili za pini: mara nyingi moja ina kichwa kipana kidogo, na pini hutoka kuelekea upande wa kichwa hicho. Anayeisukuma kinyume anaivunja nguzo. Tia matone ya mafuta ya taa, subiri, tia tena. Lala nayo ikibidi, kesho ipo. Kisha shikilia nguzo kwa kidole upande wa pili, sukuma kwa msumari mwembamba uliosagwa ncha ikawa bapa. Ikigoma, loweka tena. Wala usishawishike kuitikisa kwa plaizi.

Floti ikishatoka, toa kila kitu cha plastiki na mpira: oringi, gasketi, na kama ipo, diaframu. Sasa mwite shemeji na sufuria yake. Nakusihi isiwe sufuria ya ugali, kwa sababu mabaki ya petroli hayana mahali kwenye chakula cha watoto. Tumbukiza mwili wa kabureta kwenye maji ya moto yenye sabuni, uache dakika kadhaa. Zinki na aluminiamu hutanuka kuliko shaba na chuma, hivyo tundu hupanuka na jeti hulegea. Maji hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo hayawezi kuharibu. Moto wa gesi ni habari nyingine, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na moto huo huzifikia haraka. Maji ya betri nayo usiyakaribie: asidi hula kabureta yenyewe.

Jeti kubwa kwa kawaida hutoka hapo. Jeti ndogo imezama ndani ya shimo na mfereji wake ni laini. Bisibisi iwe na upana uleule wa mfereji. Mfereji ukishaliwa, chukua mkia wa tupa ndogo uliochongoka pembe nne, usukume kwenye tundu la jeti hadi ushike shaba, kisha zungusha kushoto. Jeti hiyo utaitupa, kwa hiyo nunua mpya ya namba ileile.

Skrubu ya hewa kwanza ikaze polepole mpaka igote, ukihesabu mizunguko, uandike. Ndipo uitoe. Bila hesabu hiyo utakosa mahali pa kuanzia unaporudi kutafuta sailensi, yaani mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama. Slaidi iliyoganda haiondolewi kwa kuchokonolewa na bisibisi: imwagie maji ya moto kwa nje, loweka, vuta sawasawa.

Matundu yapulize kwa pampu ya baiskeli. Usipitishe waya wa chuma kwenye jeti. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita, na mkwaruzo mmoja unalipanua, pikipiki inaanza kunywa mafuta. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha.

Naisisitiza kazi hii kwa sababu pikipiki hapa hubeba mgonjwa, mjamzito na gunia la mpunga, na barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha hupita kwenye njia za tembo. Kuzimikiwa huko jioni ni hatari. Kwa hiyo kama nguzo ya floti imevunjika, usiibandike kwa gundi. Petroli hulainisha gundi nyingi, floti hulegea, mafuta humwagika juu ya injini ya moto na abiria yuko nyuma yako. Nunua kabureta nyingine Iringa mjini kabla hujapakia mtu.