Kamati ya Kumchekesha Kasa

Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani Mei 2024, barabara ya Lindi ilikatika Somanga, na mawimbi yakafukua mayai ya Bi Kasa kwenye mchanga wa kisiwa kimoja karibu na Songo Songo. Viumbe wa Kilwa wakaenda kumpa pole, wakakaa siku tatu, wakarudi makwao.

Matanga yakaanuliwa, ila Kasa akabaki pale pale chini ya mikoko. Nyasi za baharini, alizokuwa akizifuata mbali, sasa ziliota puani pake na asizing'ate. Kabla ya adhana ya alfajiri macho yalikuwa wazi, yanatazama tope. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Hospitalini hali kama hiyo ikipita wiki mbili huanza kuulizwa maswali. Kilwa haikuwa na maswali. Ilikuwa na majibu.

"Ana usingizi wa pono," alisema Kaa. Pono, ambaye amesingiziwa usingizi tangu enzi za masultani, akaapa kwamba hupita pale kila usiku na hajapata kumkuta Kasa amefumba jicho. Nani amsikilize Pono? Kunguru akasema ni upungufu wa imani. Pweza akasema amechezewa, naye anamjua fundi, na fundi anataka kuku mweusi. "Mbona Ng'amba naye kapoteza mayai na anakula?" akauliza Changu, akidhani amemaliza kesi.

Baraza likakutana kwenye maji ya chini ya Husuni Kubwa. Likaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo ya fulana. Ikatangazwa Wiki ya Furaha, bango likatundikwa mikokoni, ngoma ikaletwa, na mgeni rasmi akawa Mheshimiwa Papa, aliyefika ngoma imeshachoka.

"Bi Kasa, nitazame mimi," alihutubia Papa. "Nina majukumu mazito, na sijapata kuhuzunika hata siku moja. Jikaze!"

Makofi. Kasa akavishwa fulana, ikambana gamba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba afadhali jarife limchukue.

Hapo Mwewe akanusa jinai. Akataka Kasa atiwe ndani ya Gereza, ile ngome ya Kisiwani, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwamba Kasa alisema tu na hajajaribu, Mwewe aliona ni suala la muda.

Bibi Nguva alikuwapo, nyuma kabisa. Nguva wamebaki wachache mno kati ya delta ya Rufiji na Kilwa, na jarife ndilo lililomfilisi ndugu. Kazi ya kusikiliza alijifunza kwa wale mabibi wa Zimbabwe ambao daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mwaka 2006, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Zimbabwe haina bahari. Msiniulize walikutana wapi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Kasa bila kuinua shingo.

"Marahaba, mwanangu. Nipo."

Kasa akanyamaza. Nguva naye akanyamaza. Maji yakajaa, yakaanza kupwa.

"Ng'amba ana msiba kama wangu, na anakula," Kasa akasema hatimaye. "Basi kosa ni langu."

"Sikuja kumpima Ng'amba. Hilo jarife, unaliwaza kweli?"

Waliokuwa wakichungulia wakashtuka: swali gani hilo la kumtia mtu mawazo! Kasa akashusha pumzi. "Kila alfajiri, Bibi."

"Basi alfajiri utanikuta hapa. Na haya hayatoki kinywani mwangu, labda kwa daktari, nikiona uhai wako uko hatarini."

Hakumwambia ajikaze. Walikubaliana jambo moja: kesho aogelee hadi mkoko wa tatu, ale jani moja, hata likikosa ladha. Kesho yake akaweza, keshokutwa akashindwa. Nguva hakugomba, wakapunguza, ukawa mkoko wa pili. Hamu, alimweleza, mara nyingi huja nyuma ya mwendo, ukiingoja itangulie utakesha. Na usingizi ulipokataa kurudi, akamsindikiza Kivinje kwa daktari Kinyonga (hospitali ya wilaya pale inaitwa hivyo hivyo, sikubuni). Daktari akaandika "sonona", akampa vidonge, akamwonya kwamba nafuu yake huchukua wiki kadhaa na asiviache siku ya kwanza akijisikia vizuri, na aendelee kuonana na Bibi. Kwa habari ya kwenda polepole, Kinyonga anajua anachosema.

Kasa sasa anakula. Asubuhi nzito bado zipo, na ikija moja humtuma Changu akamwite Bibi. Kamati nayo imewasilisha ripoti yake: mgonjwa amepona kutokana na Wiki ya Furaha, na inaombwa bajeti ya wiki ya pili. Nguva hakutajwa. Posho zote zimelipwa, ya Papa mara mbili.