Hasi Kumi na Mbili

Jumapili ya wiki iliyopita nilimaliza mchezo nikiwa na hasi kumi na mbili. Si sufuri. Sufuri ningeipokea kwa mikono miwili nikarudi nayo nyumbani kifua mbele. Hasi kumi na mbili, kwenye kriketi ya watoto wa miaka sita hadi minane, mpira wenyewe wa tenisi, bati lenyewe la plastiki ya njano, pana kama kibao cha kusukumia chapati.

"Ami, hasi ni nini?" akaniuliza mwenzangu, mvulana mwenye pengo la meno ya mbele. Yeye alikuwa ameleta mikimbio tisa kwa jasho lake. Mimi nilizila zote tisa, kisha nikala na tatu ambazo hazikuwepo.

Sikumjibu. Aliyemjibu ni kocha. "Hasi ni deni, mwanangu. Ami yako anadaiwa."

Mtoto akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Atalipa lini?"

Kriketi ya watoto haichezwi kama ile ya kwenye runinga, ambako ukitolewa unakwenda kukaa. Mtoto wa miaka sita ukimtoa kwa mpira wa kwanza ukamkalisha chini ya mwarobaini saa nzima, Jumapili ijayo humwoni, ashahamia kwenye futiboli. Kwa hivyo hupangwa wawili wawili, kila jozi ova mbili, yaani mipira kumi na miwili, na ukitolewa hutoki. Unakatwa mikimbio mitano, unaendelea. Ni utaratibu wa huruma, uliobuniwa ili asiaibike mtu. Aliyeubuni hakunifikiria mimi.

Mimi nilikwenda kumpeleka mwanangu tu. Mtoto mmoja alikuwa na homa, jozi moja ikapungukiwa, na kocha, mzee aliyezaliwa hapa hapa Mombasa na ambaye hajawahi kumwomba mtu jambo kwa sauti ya kuomba, akanielekezea bati. "Una mikono miwili. Ingia." Nikaingia nikijisemea moyoni kwamba nitapiga polepole, nisije nikamuumiza mwana wa mtu.

Wiketi ya kwanza, yaani kutolewa kwangu kwa kwanza, mpira ulipita katikati ya miguu yangu. Ya pili niliupiga kwa nguvu zangu zote, ukapanda hadi kunguru wakapisha njia, ukashuka ukatua kwenye mapaja ya mtoto aliyetoka madrasa na kanzu yake, ambaye wakati huo alikuwa amekaa akichimba mchanga. Ukalala humo kwenye kanzu kama yai kwenye kiota. Nilidhani hiyo haihesabiwi. Inahesabiwa. Mpira ukinasa kwenye nguo ya mchezaji bila kugusa chini, umedakwa. Niliuliza mara mbili.

Hizo mbili sina neno nazo. Neno ninalo na ya tatu.

Mrushaji alikuwa binti wa miaka saba, mtoto wa mama anayeuza mahamri na mbaazi pale langoni. Kwanza mjue kwamba kumfundisha mtoto wa Mombasa kurusha mpira wa kriketi ni kazi ya kumfundisha samaki kupanda mnazi. Tangu azaliwe anarusha mawe kwenye miembe, na jiwe la mwembe hurushwa kwa kiwiko: unakikunja, unakifyatua. Kriketi inakataza hasa hicho. Mkono uzunguke umenyooka, upite kando ya sikio, uachie mpira ukiwa juu kabisa, na katika ngazi za juu kuna wataalamu wa kupima kwamba kiwiko hakikunyooka zaidi ya digrii kumi na tano wakati wa kurusha. Kocha hufundisha kwa saa ya ukutani. "Mkono uwe saa sita!" hupaza sauti, na nusu ya watoto huinua mkono juu, na nusu nyingine, wale waliosoma tarakimu kabla ya kusoma saa, huutazamisha chini, kwenye ile 6 iliyoandikwa. Mwezi mzima kiwanja kizima kilionekana kama nusu inasimamisha matatu na nusu inapapasa ufunguo ulioanguka.

Binti huyu alielewa siku ya kwanza. Akaja mbio hatua nne, mkono ukapanda hadi saa sita ya kweli, mpira ukatoka. Ukadunda mara moja. Ukadunda mara ya pili. Ukadunda mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikaona nina wakati. Nikatoa mguu wa kushoto mbele kama wanavyofanya kwenye runinga, nikashusha bati kwa madaha, na mpira ukapita chini ya bati ukanigonga muundi, tap!

Binti akageuka akampa mwamuzi uso, akatanua miguu, akainua mikono yote miwili mbinguni:

"Hauzatiiii!"

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi, na si kwa maumivu tu. Katika kriketi mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe. Si desturi tu, ni sheria iliyoandikwa. Unaweza kuwa umetoka kwa haki zote, mbingu na ardhi zimeona, lakini kama hakuna hata mchezaji mmoja wa upande wa pili aliyeuliza, mwamuzi hana ruhusa ya kukutoa. Na waulize mapema, kabla mrushaji hajaanza kukimbilia mpira unaofuata, la sivyo umesamehewa. Sijui mchezo mwingine wa namna hii. Refa wa futiboli hukupa kadi hata kama uwanja mzima umenyamaza. Huyu anasimama na kofia yake, anajua, na haneni. Na swali lenyewe ni moja tu, "Hauzati?", yaani "hilo vipi?", nalo linatosha kwa kila njia ya kutolewa iliyomo katika sheria. Huna haja ya kusema unashtaki nini. Unauliza tu, mwamuzi atatafuta kosa mwenyewe.

Sasa fikiria watoto wetu, waliolelewa kwa "mkubwa akisema nyamaza", wakipelekwa kiwanjani kufundishwa kwamba ukitaka haki yako mgeukie mtu mzima umpigie kelele za swali. Wiki za mwanzo hakuna aliyethubutu. Waliuliza kwa kunong'ona, wameinamisha vichwa, "Samahani, hauzati?" Kocha akawakazania. Wakazoea. Wamezoea mno. Nyumbani kwangu sasa huwezi kuchukua andazi la mwisho.

Tuendelee. Shtaka lilikuwa la mguu mbele ya wiketi, na hili ndilo shtaka gumu kuliko yote duniani, nikiweka kando mirathi. Mwamuzi lazima ajiulize maswali manne kwa kufumba na kufumbua. Mpira ulidunda wapi? Kama ulidunda nje ya vijiti anavyovilinda mpigaji, kwa upande wa miguu yake, kesi imekwisha, yuko salama. Je, uligusa bati kwanza? Kama uligusa, salama. Ulimgonga mahali gani? Ukimgonga mbele ya vijiti sawasawa, hali mbaya. Ukimgonga nje ya kijiti cha upande wa pili, inategemea: kama alijaribu kuupiga, amesalimika, kama alikaza mguu tu bila kujaribu, anaweza kutolewa. Naipenda sana sehemu hii, kwa sababu hapo sheria inapima nia. Halafu swali la nne, baba yao wote: lau mguu usingekuwepo, mpira ungekwenda kugonga vijiti? Yaani mwanadamu anatakiwa atoe hukumu juu ya jambo ambalo halikutokea. Aone njia ya mpira ambao umeshasimama. Hiyo si kazi ya refa, hiyo ni elimu ya ghaibu. Kwenye mechi kubwa wameleta kamera na kompyuta ili kuchora njia ya mpira usiofika, na bado watu hugombana.

Kiwanjani kwetu hakuna kompyuta. Kocha hutaka kila mtoto aonje uamuzi, hupokezana kofia. Na aliyevaa kofia wakati huo, ikimfunika hadi nyusi, alikuwa mwanangu wa kumzaa, mwenye miaka sita, ambaye asubuhi hiyo hiyo nilimvalisha viatu upya kwa kuwa cha kulia kilikuwa kushoto.

Alikuwa anakula mabuyu. Hakuwa na haraka. Akalitoa buyu mdomoni, akalihamishia mkono wa kushoto. Akafumba jicho moja. Akautazama mguu wangu, akavitazama vijiti, akanitazama mimi, na nikaona wallahi kwamba ananijua, ananikumbuka, anajua nani hulipa karo. Kisha akainua kidole. Kidole chenyewe chekundu, kimekolea rangi ya mabuyu hadi kwenye kucha.

Nikakata rufaa kwa kocha. Nilisema mpira ulidunda mara tatu, na kriketi inasema mpira uliodunda zaidi ya mara moja kabla ya kumfikia mpigaji ni noboli, yaani mpira haramu, na noboli haikutoi kwa mguu. Hiyo ni kweli, nimeisoma.

"Kwa watoto hatuitumii," akasema kocha. "Mikono yao mifupi."

"Basi hata mguu mbele ya wiketi kwa watoto hamuutumii! Nimeona tangu asubuhi."

"Kweli. Lakini wewe si mtoto."

Nimelifikiria jibu hilo siku nane. Sheria ililegezwa kwa sababu mrushaji ni mtoto, ikakazwa kwa sababu mpigaji ni mzee, na pale zilipokutana sheria mbili nilikuwa nimesimama mimi.

Kocha akataka kunifariji. Mwaka 2003 kule Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa mji huu huu, alirejea kutoka kustaafu akawarushia Australia ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu. Mmoja wa waliotoka ni nahodha wao, Ricky Ponting, kwa mguu mbele ya wiketi. "Kwa hivyo mtu wa Mombasa kukutoa kwa mguu si aibu." Ponting, nikamwambia, alitolewa na mtu mwenye ndevu. Tena hakutolewa na mwanawe.

Yaliyofuata ni madogo. Jumatano nilimwandikia mke wangu anitumie pedi nilizoazimwa, zimo kabatini, na bodaboda akanikabidhi, mbele ya akina baba sita, pakiti ya dukani. Bibi yake mtoto amewaambia majirani kwamba tunaongeza chumba, kwa sababu kila siku husikia tunazungumza habari za bati. Alhamisi nilifanya mazoezi sebuleni. Birika lilikuwa la harusi yetu.

Nikimwambia mwanangu kwamba mwaka huo wa 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, hunitazama vile anavyonitazama nikimwambia kwamba zamani nilikuwa na nywele. "Kenya ipi?" Sina la kumwonyesha. Mwaka 2014 nchi ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Watu hutaja sababu nyingi, na wanaozitaja huzungumza mambo ya ofisi, mikataba na makundi. Mimi sijui ofisi. Najua kiwanja chetu.

Jana tulifika saa mbili asubuhi tukakuta kamati ya klabu imekodisha uwanja kwa harusi ya Jumamosi. Si mara ya kwanza. Sisi wazazi tunachanga kila mwezi, ya uwanja na ya maji, na kila mwezi turubai hukitwa mahali pale pale, katikati ya njia ya kurushia, kwa kuwa ndipo palipo sawa, na pako sawa kwa sababu kocha hupasawazisha kwa mikono yake. Vigingi viling'olewa usiku, mashimo yakaachwa. Mistari miwili, mengine yana punje za pilau ndani. Mtu angetaka kucheza bao pale, hana haja ya kuchonga ubao. Nilimpigia simu mwanakamati mmoja. Akanijibu kwamba harusi inalipa na watoto hawalipi, na kwamba "hao wanacheza tu". Mipira yote tuliyonunua mwaka huu haifiki bei ya zulia jekundu walilotandika bwana harusi apite. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule bwana, na nilipoyapata, simu ilikuwa imekatwa.

Tukafukia. Kocha na karai la udongo, mimi nikipondaponda kwa kisigino, watoto wakishindilia kwa miguu mitupu na kuokota vijiti vya mishikaki kabla havijawachoma. Saa tatu na nusu hakuna aliyekuwa amerusha mpira. Mama wa mahamri akatuletea chai ya maziwa kwenye chupa, bila kuulizwa.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye shimo la mwisho binti yake aliponijia na mpira mkononi.

"Ami, leo unapiga?"

Nikamwambia leo siwezi, mwanangu, muundi bado unaniuma kutoka ile siku.

"Upi?"

Nikausugua mguu wa kulia, nikakunja uso kidogo ili aone.

Akautazama. "Mimi nilikupiga wa kushoto."