Sifa za Mbuga, Mpasua Nyumba

Mlango wa chumba changu cha kulala hufungika kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na moja. Mvua zikishika unagoma, na masika yote tunalala tumeuegemezea kiti. Wageni hudhani mbao ni mbovu. Mbao ni mninga wa Tabora, na mninga hausingiziwi. Anayeusogeza ni mwenyeji wetu aliye chini ya sakafu, ambaye leo nimeamua kumsifu, maana kumlaani nimemlaani miaka tisa na hajapungua hata debe moja.

Namsema Mbuga. Msomaji wa pwani akisikia neno hilo huona simba na magari ya watalii. Huku Unyamwezi na Usukuma mbuga ni udongo kwanza, wanyama baadaye: ule udongo mweusi, mzito, wa mabondeni, unaoganda kwenye viatu mpaka ukatoka shambani mrefu kuliko ulivyoingia. Wakenya huuita blaki kotoni. Kiangazi hupasuka ukaweza kuzamisha mkono hadi kiwiko, na simu ikidumbukia humo uiage. Masika hunywa, huvimba, mipasuko yote hufumba, na ardhi hulala laini kama haijawahi kumkosea mtu.

Nitamwita kama mtu, kwa sababu ana tabia kuliko watu wengi ninaowajua. Mvua ya Tabora ni milimita 900 na ushee kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua tupu mpaka maembe yaanze kuiva. Mbuga hufuata ratiba hiyo bila kukosa. Nimeandika tarehe kwa penseli ukutani, kwenye ncha ya ufa wa sebuleni, kama wengine wanavyoandika urefu wa watoto. Watoto wangu walishaacha kurefuka.

Siri yake iko kwenye chembe. Ni madini yaliyojipanga kama kurasa za kitabu, nyembamba kupita kiasi, na maji hupenya kati ya ukurasa na ukurasa yakazitenganisha. Aina iliyo mashuhuri kuliko zote imepewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa, heshima ambayo sisi hatukuiomba ingawa tulistahili. Kitabu kikilowa hunenepa, kikikauka hujikunja. Sasa weka nyumba juu ya kitabu. Kama kingenenepa chote sawasawa, nyumba ingepanda na kushuka kama mtumbwi, na hakuna ambaye angejua. Lakini pembeni, chini ya bati lisilo na mfereji, maji yanamwagika. Katikati, chini ya sakafu, kukavu. Pembe zinapanda, katikati pamekaa. Miezi sita baadaye jua linazikausha pembe kwanza, nazo zinashuka. Ukuta wa tofali za kuchoma haukufundishwa kupinda. Unajua kukatika tu, na hukatika mshazari, kuanzia kona ya dirisha, ukifuata viungo vya tofali ngazi kwa ngazi kama mtu anayepanda kwake.

Hapo Mbuga ameonyesha adabu ya pekee: huwapenda wadogo. Ghorofa lina uzito wa kumkalia. Nyumba ya vyumba vitatu huibeba mabegani kama mtoto aliyepelekwa kuangalia gwaride.

Mababu walimheshimu mapema. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, Geoffrey Milne, aliona kwamba kutoka kilimani hadi bondeni udongo wa nchi hizi hufuatana kama pete za mnyororo, akaupa mpangilio huo jina la Kilatini, katena, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hadi leo. Wasukuma hawakupelekewa hata barua ya shukrani, ingawa kila pete walishaipa jina: luseni ya kichanga, ibambasi inayogoma jembe, na chini kabisa mbuga. Majina hayo ndiyo yaliyokuwa ramani ya mipango miji. Watu walilala penye kichanga; bondeni walishuka ng'ombe, na baadaye mpunga.

Na nyumba zenyewe zilijengwa kwa kumjua jirani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, mvua zikiwa mlangoni, walikaribishwa kwenye matembe. Livingstone alikaa kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora ya leo, akisubiri wapagazi kutoka pwani, hadi tarehe 25 Agosti 1872. Tembe lina mifupa ya miti. Nguzo ndizo zinazobeba dari la udongo. Udongo wa ukutani ni nguo. Nguo ikichanika, mwenye nyumba alikoroga udongo na maji, akaikandika, akaendelea na shughuli zake. Hakuita fundi, na hakuona aibu. Sisi tuliostaarabika tumevua mifupa tukabaki na nguo ya saruji, halafu tunashangaa kwa nini inachanika vibaya.

Misafara ile ilitoa hongo. Neno hilo leo limechafuka, lakini zamani lilikuwa ushuru wa wazi: unapita nchi ya mtemi, unaacha kaniki, shanga au waya, unaendelea na safari ya Ujiji. Wagogo walijulikana njia nzima kwa kutoza bila haya. Mimi sipiti, nimeketi, na Mbuga ananitoza kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilimpa mfuko mmoja wa saruji. Fundi aliuchimbua ufa kwa patasi, akaujaza, akapiga lipu, akapaka rangi, na jioni akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ilikuwa Agosti. Januari udongo ulipovimba, ufa ulitaka kufunga kama kawaida yake, ukakuta saruji imekalia kiti chake, ukahamia upande wa pili wa dirisha. Nikaziba na huo. Mwaka wa tatu nikajenga ukuta. Methali ilikuwa imetimia yote, mbele na nyuma, na ufa ulikuwapo.

Fundi wa pili alishauri nguzo nne za kuegemea nje. Zilikuwa nzuri. Nazo zilijengwa juu ya Mbuga, kwa hiyo sasa zinaegemea nyumba.

Wa tatu alikuwa mama mmoja, mhandisi, aliyekuja kumsalimia mke wangu na wala hakuitwa. Hakugusa ufa. Alizunguka nyumba mara mbili, akauliza maji ya bafuni yanakwenda wapi, akautazama mkaratusi niliokuwa najivunia kivuli chake. "Shemeji," akaniambia, "wewe huna ugonjwa wa ukuta. Una ugonjwa wa maji." Mkaratusi ulikuwa unanyonya upande wa mashariki, karo lilikuwa linanywesha upande wa magharibi, na bati lilikuwa linamwaga kote. Tiba yake haikuwa na utukufu wowote: mifereji kwenye bati, karo lihamishwe mbali, mti uondoke, na zege la kuzunguka nyumba, pana zaidi ya mita, lenye mteremko wa kuelekea nje. Lengo ni udongo wa chini ukae na unyevu uleule mwaka mzima. Nyufa zisubiri, baada ya misimu kadhaa, zikishatulia, ndipo zishonwe kwa nondo.

Nilimuuliza nyumba ingetakiwa kujengwaje tangu mwanzo. Akanitazama kama daktari anayeulizwa swali hilo na mgonjwa wa mwisho wa foleni. Kama Mbuga ni mwembamba, unachimba mpaka umpite, unafika kwenye ardhi ngumu. Akiwa mnene, unamtoa kadiri mfuko unavyoruhusu, unajaza moramu, unashindilia tabaka kwa tabaka. Au unamwaga jamvi moja la zege lenye nondo chini ya nyumba yote, ili ikipanda ipande nzima. Au unazamisha nguzo fupi hadi kule ambako mvua na jua havifiki, na mkanda wa zege unaoziunganisha unauachia nafasi chini yake, Mbuga avimbe humo bila kumgusa mtu. Mkanda mwingine juu ya madirisha. Wajenzi wa barabara humchanganyia chokaa, akatulia. Mimi nilimpa futi mbili za mawe na dua.

Wala nisijione nimeonewa peke yangu. Nairobi nzima upande wa tambarare huanza ujenzi kwa kulipia malori ya kumhamisha. Uingereza ilipokaukiwa na mvua mwaka 1976, nyumba za watu waliovaa tai zilipasuka kwa maelfu, maana nao wana udongo wa ukoo huu. Na huko Texas, Marekani, kiangazi kikizidi, watu hutandaza mipira yenye vitundu kuzunguka nyumba na kuimwagilia, nyumba, kama mchicha. Nilipomweleza jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza huo mpira unauzwa bei gani.

Sasa nifike kwenye sifa yake iliyo kubwa, ambayo nimeichelewesha kwa wivu. Kule kuvimba kunakoninyima mlango ndiko kunakoziba matundu yote ya ardhi maji yasizame. Ndiyo maana majaruba ya Igunga na Nzega hushika maji, na ndiyo maana sahani yako ya wali imejaa. Mpunga ulifika huku na watu wa misafara, ukamkuta Mbuga, na tangu siku hiyo hawajagombana. Yeye hajawahi kushindwa kazi aliyopewa. Mimi ndiye niliyenunua jaruba la mtu nikalijengea sebule.

Na niliambiwa. Msingi ulipokuwa umefika goti, mzee mmoja alipita na ng'ombe wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama akiegemea fimbo, akatazama mitaro yangu kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hapa utapanda supa au mbegu ya kawaida?" Mafundi walicheka. Mimi nilimjibu kwa heshima kwamba ninajenga. Akasema, "Haya, vizuri," akaswaga ng'ombe wake kupandisha kichangani.

Kiwanja kilichopakana na changu kinauzwa, na bei yake haina mpinzani. Dalali anapendelea wateja waje kukiona mwezi wa tisa, pakiwa pakavu na peupe. Wewe njoo Februari, na uje na gambuti.